Fundi Visu Anajibu: Springi, Moto na Mpini

Mwezi huu mmenitumia maswali mengi kuliko kawaida na karibu yote ni ya visu vya kuwindia na kuchunia, kwahiyo ukurasa mzima nimeutoa kwa visu, wa majembe na mapanga tutaonana toleo lijalo. Waliouliza kitu kimoja nimewaunganisha.

SWALI: Shikamoo fundi. Mi ni kijana nina banda la kuchomelea hapa Singida. Nimejaribu kutengeneza visu vitatu kwa springi ya Land Rover, nikavipasha moto vikawa vyekundu kabisa nikavitumbukiza kwenye ndoo ya maji. Cha kwanza kilitoa mlio "ti" kikapasuka palepale. Cha pili kilitoka kizuri na makali yake balaa, ila kilinidondoka sakafuni kikakatika vipande viwili kama sahani. Cha tatu nikaogopa maji nikakiacha kipoe chenyewe, sasa kinapinda na hakikai makali hata siku moja. Nakosea wapi?

JIBU: Marahaba mwanangu. Kwanza hongera maana umevieleza visu vyako vizuri sana, yaani kila kimoja kimekwambia kosa lake.

Springi uliyoichagua ni sahihi. Springi za gari zina kaboni kama asilimia 0.6 hivi, na kaboni ndo inayofanya chuma kikubali kuwa kigumu. Nondo haina kaboni ya kutosha, ndo maana vile visu vya nondo vinavyouzwa vinang'aa vikiwa vipya ukichuna mbuzi mmoja tu umeshaanza kutafuta jiwe. Ukitaka kujua chuma ulichookota ni kipi kiguse kwenye grenda jioni uangalie cheche, nondo inatoa cheche ndefu zilizonyooka hazina matawi mengi, springi zinapasuka pasuka njiani kama nyota. Ila angalia, springi iliyofanya kazi miaka mingi inaweza kuwa na nyufa ndogo ambazo huzioni kwa macho, kwahiyo isugue ing'ae, ipake mafuta ya taa, ifute, halafu subiri kidogo uone kama kuna mstari unaotoa unyevu. Ukiuona, kipande hicho achana nacho hata kama ulinunua bei.

Sasa kilichopasuka ndani ya ndoo. Maji yanapoza haraka mno kwa chuma cha springi, nje inakuwa ngumu wakati ndani bado inahangaika, vinavutana mpaka kinapasuka. Tumia mafuta. Wewe uko Singida huko kwenye alizeti, unashindwaje? Mafuta ya alizeti lita nne tano kwenye debe la chuma lenye mfuniko, yapashe kidogo yawe vuguvugu, kama nyuzi 50 au 60, kwasababu mafuta ya moto kidogo ni mepesi na yanapoza vizuri kuliko ya baridi. Oili chafu ya gari usitumie, watu wengi wanaitumia najua, lakini ule moshi una masalia ya metali na makemikali na wewe ndo unauvuta kila siku. Ingiza kisu ncha ikitangulia, kimenyooka, usikiyumbishe kushoto na kulia maana kitapinda, kisogeze mbele na nyuma kama unakata. Moto ukiruka funika na mfuniko, kamwe usimwage maji.

Na huo wekundu unaosema "kabisa" ndo penye shida ya pili. Tafuta sumaku ya spika mbovu, ifunge kwenye waya karibu na jiko. Chuma kikifika karibu nyuzi 770 kinaacha kushika sumaku. Hapo ongeza moto kidogo tu, rangi ianze kutoka kwenye nyekundu kuelekea chungwa, basi, tosha. Fanya hiyo kazi kivulini au jua likishazama maana juani macho yanakudanganya, unaona bado hakijaiva kumbe umeshakiunguza. Chuma kilichoungua chembe zake za ndani zinakuwa kubwa. Chukua kile kisu chako kilichokatika uangalie pale palipovunjika, kama panafanana na sukari, chembe chembe zinang'aa, basi ulizidisha moto. Panatakiwa pawe pa kijivu laini kama majivu ya mkaa yaliyochekechwa. Mi mpaka leo kila nikipata springi ngeni nakata kipande kidogo, nakizamisha, nakibana kwenye jiliwa (vaisi) navunja makusudi nione ndani kabla sijatengeneza kisu cha mtu.

Halafu kuna hatua ambayo hukuifanya kabisa na ndo iliyoua kisu chako cha pili. Kikitoka kwenye mafuta kisu ni kigumu lakini ni kama kioo. Jaribu kukikwangua na tupa, tupa itateleza bila kuuma, hapo ujue kimekubali. Lakini hakijawa kisu bado. Inabidi ukirudishe kwenye moto mdogo siku hiyohiyo, usikiache mpaka kesho. Ukiwa na oveni weka nyuzi 200 masaa mawili, toa kipoe, rudisha masaa mawili tena. Kama huna oveni weka mchanga kwenye karai juu ya mkaa, kisugue kisu na msasa king'ae, kilaze juu ya mchanga mgongo ukiwa chini, uangalie rangi inavyotembea, inaanza njano ya majani makavu, inakuja kahawia, halafu zambarau, halafu bluu. Makali yakifika njano iliyokolea kuelekea kahawia toa. Mgongo ukiwahi kwenda bluu sio mbaya, mgongo tunataka uwe mlaini kidogo ustahimili kupindishwa.

Hii nakuambia kwa uchungu. Nilijifunza kufua kwa mjomba wangu Ugweno kule Pare, kwenye ukoo wa Washana ambao tangu zamani ndo walikuwa wanafua vyuma vya kuwauzia mpaka Wachaga na Wamasai, na mjomba alinikataza kabisa kuharakisha huo moto wa pili. Nikiwa kijana nilipata oda ya mzee mmoja mwindaji wa Simanjiro mwenye leseni yake, alikuwa anaondoka alfajiri, nikafanya usiku, moto wa pili nikaupa kama nusu saa nikajiambia itatosha. Baada ya wiki mbili alirudi, akakiweka mezani kimeviringishwa kwenye kitambaa, makali yamemeguka sehemu tatu, alikuwa anatenganisha magoti ya nyumbu. Hakunigombeza. Nilimrudishia hela na nikamtengenezea kingine bure, na tangu siku hiyo hakuna kisu kimetoka kwangu bila kupata masaa yake manne.

Marekani kuna chama cha wahunzi, American Bladesmith Society, kilianzishwa 1976. Ukitaka wakutambue hatua ya kwanza unapeleka kisu chako mwenyewe, kinakata kamba nene inayoning'inia kwa pigo moja, kinakata ubao mara mbili, baada ya hapo bado kinyoe vinyweleo vya mkono, halafu wanakibana kwenye jiliwa wanakipinda nyuzi 90 bila kuvunjika. Kisu hichohicho kimoja. Tengeneza kimoja cha kujipima hivo hivo nyumbani kwako, usikionee huruma. Ukifaulu niandikie, ntafurahi sana.

Kile cha tatu kilichopinda hakijaharibika. Kipashe mpaka kiache sumaku, kiache kipoe hewani, rudia mara tatu, halafu kipashe tena ndo ukizamishe kwenye mafuta. Hakikisha matundu ya mpini umeshatoboa na keekee kabla, maana kikishakuwa kigumu utamaliza meno ya keekee, na makali yaache mazito kama unene wa sarafu, ukiyapeleka membamba kwenye moto yatajikunja. Utayamalizia baadae taratibu, kila ukigusa grenda unachovya maji. Ukiona bluu imetokea kwenye makali wakati unasaga, umeshaulegeza moto wote ule uliohangaika nao.

SWALI: Fundi habari ya kazi. Mimi ni mama nauza nyama choma Babati, nachuna mwenyewe mbuzi watatu mpaka wanne kwa siku. Visu ninavyonunua ni vizito, mkono unaniuma mpaka kiwiko, na natoboa ngozi halafu mnunuzi wa ngozi anakata bei. Nikienda kwa fundi ananiambia kisu kizuri ni kizito. Ni kweli?

JIBU: Nzuri mama, pole sana na hiyo kazi. Sio kweli. Huyo fundi amekutengenezea sime akaiita kisu cha kuchunia. Springi inatoka kwenye gari ikiwa na unene wa milimita 6, 7 hata 10, na fundi mvivu anaiacha hivohivo anasaga pembeni tu, kwahiyo unapata shoka dogo. Kisu cha kuchuna mbuzi kinatakiwa mgongoni kiwe milimita 2 na nusu au 3, na kiendelee kupungua mpaka pale juu kidogo ya makali kiwe karibu nusu milimita. Wembamba ndo unaokata mama, sio nguvu za mkono wako.

Urefu wa bapa sentimita 10 mpaka 12. Makali yawe na tumbo, yaani yajikunje kwenda juu kuelekea kwenye ncha, kwasababu unapotenganisha ngozi na nyama unafagia na lile tumbo wala hutumii ncha. Mwambie fundi akushushie ncha kidogo chini ya mstari wa mgongo na asiichongoe kama sindano. Matundu kwenye ngozi mengi yanatoka kwenye ncha iliyochongoka na iliyosimama juu.

Mpini ndo unaokuuma kiwiko. Chukua karatasi, laza mkono wako chora kwa peni kuzunguka vidole vyote, mpelekee fundi hiyo karatasi. Ukikamata mpini vidole vyako vya kati vikaribie kugusa nyama ya kiganja, vikibaki mbali mpini ni mnene kwako, unabana kwa nguvu kutwa nzima na hapo ndo mkono unachoka. Visu vingi vinatengenezwa na wanaume kwa kipimo cha mikono yao wenyewe, wanasahau kwamba wachunaji wengine ni akina mama. Mi hili linaniudhi kabisa. Mpini uwe wa yai, usiwe wa duara, ili hata mkono ukiwa na mafuta ujue makali yameelekea wapi bila kuangalia.

Kingine, kuchinja na kuchuna vitenganishe. Cha kuchinjia kiwe kirefu na kimenyooka, makali mamoja safi bila pengo hata moja, na mafundisho ya Kiislamu yanasisitiza kisu kinolewe vizuri ili mnyama asiteseke na usikinoe mbele yake. Na mfupa usikate na kisu cha kuchunia, tumia shoka au msumeno. Ukifika kwenye kiungo tafuta ule uwazi kati ya mifupa upitishe ncha, kiungo kinaachia chenyewe.

SWALI: Fundi mi niko Tanga, kisu changu cha springi kila asubuhi nakikuta na kutu. Nibadilishe nichukue cha stenlesi?

JIBU: Hewa ya bahari hiyo, na nadhani unakilaza ndani ya ala. Ngozi inashika unyevu, na chumvi zilizotumika kuitengeneza zinakula chuma. Ala ni ya kubebea tu, ukifika nyumbani kitoe, kifute, kipake mafuta ya nazi kidogo, kining'inize. Baada ya muda kitapata rangi ya kijivu nyeusi, hiyo usiisugue, inasaidia kuzuia kutu nyekundu. Stenlesi ni nzuri lakini mtaani hatuwezi kuitia moto ipasavyo, inataka nyuzi zaidi ya 1000 na tanuru la kupimwa, jiko la mkaa haliwezi kukupa hiyo kwa uhakika. Mtu akikuuzia kisu cha stenlesi alichotengeneza kwenye mkaa muulize alikitia moto vipi.

SWALI: Sasa fundi, niko Kajiado. Huku Kenya uwindaji ulipigwa marufuku kitambo, lakini bado tunapenda hivi visu vya wawindaji kwa kazi ya mifugo. Kuna jamaa ananiuzia meno ya ngiri na pembe ndogo za swala niweke kwa mpini. Ziko poa?

JIBU: Mi mzima ndugu yangu. Kweli, Kenya ilifunga uwindaji mwaka 1977, na kisu chenyewe hakina tatizo, mbuzi na ng'ombe wanachunwa vilevile. Lakini hayo meno na pembe usiyaguse. Kwenu kuna sheria ya wanyamapori ya 2013 na kwetu Tanzania kuna ya 2009, na huku tunaita nyara za serikali, hata kama pembe umeiokota porini mnyama amekufa mwenyewe bado sio yako bila kibali. Nimeona kijana wa watu akipoteza miaka ya maisha yake kwa kipande cha pembe kisichozidi kidole. Hakuna mpini wenye thamani hiyo.

Na huna sababu, kwasababu una vitu vizuri hapo hapo. Pembe la ng'ombe la machinjioni linapatikana kwa bei ndogo, lipashe kwenye maji ya moto likilainika libane katikati ya mbao mbili linyooke, liache likauke miezi kadhaa, ukiliwahi litasinyaa na kuachia chuma. Mfupa wa ngamia ni bora zaidi, mweupe na mgumu, uchemshe na sabuni mafuta yatoke yote la sivyo utanuka na kugeuka njano. Saga ukiwa na barakoa, vumbi la mfupa na la pembe ni baya kwenye mapafu.

Mi mwenyewe nikiulizwa mpini gani nasema mpingo. Mzito mpaka unazama kwenye maji, hauogopi damu wala mafuta, ukiusugua na kitambaa unang'aa bila vanishi. Shida yake una mafuta yake ya asili kwahiyo gundi inateleza, kwahiyo futa sehemu ya kugandisha na asetoni mara mbili tatu halafu paka gundi ya Araldite muda huohuo, na bado piga ribiti mbili za shaba, usiamini gundi peke yake. Msuka wa kisu, yaani ile sehemu ya chuma inayoingia kwenye mpini, uende mpaka mwisho wa mpini, ule msuka mfupi kama mkia wa panya kwa kazi ya machinjioni utakuacha njiani. Vumbi la mpingo nalo linawasha ngozi na kifua, barakoa hapo pia.

SWALI: Mzee shikamoo, nakusoma nikiwa Marekani, Minnesota, nimeanza kwenda kuwinda wale paa wao wenye mkia mweupe pamoja na wazungu ninaofanya nao kazi, nina leseni. Kila mmoja ana kisu cha kutengenezewa kwa mkono, mi nataka changu kitoke nyumbani. Nikuagize cha aina gani, na mpingo unaruhusiwa kusafirishwa?

JIBU: Marahaba mwanangu, umenifurahisha. Hao wenzako waulize kuhusu Bob Loveless, aliyefariki 2010, ndo aliyefanya umbo la ncha iliyoshuka lipendwe na wawindaji duniani kote. Kisu chake cha kwanza alikitengeneza miaka ya 1950 akiwa baharia, alitaka kununua cha fundi mwingine akaambiwa asubiri miezi, akatafuta springi ya gari kuukuu aina ya Packard akaifua kwenye jiko la meli. Springi mwanangu! Ileile anayohangaika nayo mwenzio wa Singida hapo juu.

Wewe nakushauri bapa sentimita 9 au 10, ncha imeshuka. Unapomfungua mnyama tumbo, makali yanaangalia juu, vidole viwili vya mkono wa kushoto vinatangulia kunyanyua ngozi na kisu kinafuata katikati yao, na ncha iliyoshuka haichomi utumbo wala kibofu. Ukitoboa utumbo nyama imeharibika harufu. Kisu kirefu hakikusaidii kitu pale, mkono unakuwa ndani ya kifua huoni unachokata, na bapa fupi unaweza kuweka kidole cha shahada juu ya mgongo ukaongoza kwa kuhisi. Kwenye baridi ya huko mpini wa mpingo ni mzuri kuliko chuma tupu, na mwambie fundi asiusugue mpaka uteleze, msasa wa 400 uishie hapo.

Mpingo tangu 2017 uko kwenye orodha ya CITES, ule mkataba wa kimataifa unaosimamia biashara ya wanyama na mimea iliyo hatarini, lakini tangu 2019 bidhaa iliyokamilika isiyozidi kilo 10 za mti huo kwa mzigo mmoja imesamehewa kibali chake, mpini wa kisu ni gramu tu. Kisu kisafiri kwenye begi la kupakia chini ya ndege, kimefungwa vizuri ncha isimchome anayekagua.

Na hili ni kwa wote, mnyama mliyemkuta ameshakufa porini au zizini msimfungue na kisu chochote. Kimeta kinakaa kwenye damu, damu ikikutana na hewa vinatengenezwa vijidudu sugu ambavyo vinaishi kwenye udongo miaka na miaka, na kisu ukikiosha kwa maji na sabuni unajidanganya. Mwiteni mtu wa mifugo.

SWALI (wasomaji wengi): Fundi tunoe vipi, maana yule mnoaji wa mtaani mwenye cherehe ya baiskeli anamaliza kisu.

JIBU: Jiwe lake ni kavu na linazunguka kasi, makali yanapata moto yanalegea, ndo maana kinakata siku moja. Kama mnamwamini mwombeni awe anachovya maji kila akipitisha mara mbili, wengine wakiombwa wanakubali.

Nyumbani tafuta jiwe la pande mbili, upande wa chenga na upande laini, liloweke. Pembe ya kunolea watu wanakisia, msikisie. Kunja kona ya karatasi, kona ni nyuzi 90, ukiikunja mara moja inakuwa 45, ukiikunja tena inakuwa 22 na nusu. Ile kabari ndogo ya karatasi iwekeni juu ya jiwe mlaze kisu juu yake, mkono ukariri hapo. Sugueni upande mmoja mpaka ukipitisha kucha upande wa pili kutoka mgongoni kuja kwenye makali unahisi kitu kinakwaruza, ni chuma kimejikunja, hapo geuzeni. Mkipata na upande wa pili nendeni upande laini wa jiwe, mkipunguza nguvu kila mara, mwisho kabisa pitisheni kwenye mkanda wa zamani wa ngozi, mgongo ukitangulia na makali yakifuata nyuma, mara kumi kila upande. Kisu cha mama wa Babati kikinolewa hivi jioni, mbuzi wanne wa kesho yake kitawamaliza bila kurudi kwenye jiwe, labda kwenye mkanda tu kati ya wa pili na wa tatu.